Namna ya kutamka ili anayekusikiliza akupate vizuri

Mama yangu alipoanza kupoteza usikivu, kilichotufumbua macho ni herufi moja. Nilimwambia jioni, "Dada hatakuja kesho." Asubuhi yake akaamka mapema, akavaa, akakaa akisubiri, na aliendelea kusubiri hadi jua likazama. Alikuwa amesikia "atakuja." Neno zima lilimfikia isipokuwa ile pumzi ndogo ya h mwanzoni, na pumzi hiyo ndiyo iliyobeba habari yote.

Baada ya siku hiyo nikaanza kupaza sauti kila nilipozungumza naye. Nilipaza wiki nzima, hadi aliponikatisha kwa upole: "Mwanangu, nakusikia. Sikuelewi tu."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nijifunze haya ninayoyaandika hapa. Kusikia ni jambo moja na kuelewa ni jambo jingine, na mtu akishindwa kukuelewa kuna kitu mahususi kinachompotea njiani: sauti fulani, mpaka wa neno, muda wa kufikiri, au uso wako tu. Ukikijua, unarekebisha hicho na kuacha mengine kama yalivyo. Usipokijua, utaongeza sauti tu.

Kwanza elewa kwamba kurekebisha matamshi ni jambo unalolifanya tayari kila siku. Mwanaisimu wa Uswidi, Björn Lindblom, alilieleza vizuri mwaka 1990: msemaji hupima kila wakati kati ya nguvu anayotumia mdomoni na mahitaji ya anayemsikiliza. Ukiwa na rafiki wa karibu, katika mazungumzo mnayoyajua wote, "sasa hivi" inakuwa "saivi", "sijui" inakuwa "sjui", na "kwa hiyo" inakuwa "kwiyo". Mwenzako anakuelewa bila shida kwa sababu nusu ya ujumbe tayari anayo kichwani. Mbele ya mgeni, maneno hayohayo yanarudi katika umbo lake kamili bila wewe kuamua. Shida hutokea pale kipimo chako kinapokosea, yaani unapomhesabia mtu kuwa na kitu ambacho hana.

Hatua ya 1: Tambua kinachompotea

Usianze na mdomo wako. Anza na swali: huyu anakosa nini?

Mtu ambaye usikivu wake umepungua kwa uzee kwa kawaida hupoteza kwanza sauti nyembamba, zile za masafa ya juu. Hizo ndizo zinazobeba s, f, sh, th, ch na sehemu kubwa ya t na k. Irabu, ambazo ni nene na zenye nguvu, anaendelea kuzisikia vizuri. Ndiyo maana anajua kwamba unaongea, anajua hata kama umekasirika au umefurahi, ila maneno yenyewe yanamfikia kama maandishi yaliyofutwafutwa. Watu wa namna hii ni wengi na wataongezeka: Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021, lilikadiria kwamba ifikapo 2050 karibu watu bilioni 2.5 duniani watakuwa na upungufu wa usikivu wa kiwango fulani.

Anayejifunza lugha yako hana tatizo la masikio hata kidogo. Anasikia kila sauti. Asichokiona ni mahali neno moja linapoishia na jingine linapoanza. Chukulia neno "umeshawaambia". Kwako ni neno moja jepesi, kwake ni furushi lenye vitu sita vilivyofungwa pamoja, na kabla hajalifungua wewe umeshafika kwenye sentensi inayofuata.

Mtu aliyepata kiharusi kilichogusa sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha anaweza kusikia vizuri na kuujua kila msamiati, lakini akahitaji muda mrefu zaidi wa kuunganisha. Aliye kwenye kelele anahitaji sauti yako ishinde kelele. Aliye kwenye simu hana uso wako. Mtoto mchanga anahitaji kusikia umbo la sauti zenyewe. Na kiziwi anayetumia lugha ya alama hahitaji matamshi yako kabisa. Anahitaji mkalimani, maandishi, au ujifunze alama.

Kama hujui mtu yuko kundi gani, muulize. "Nikuzungumzie vipi ili unipate vizuri?" ni swali la heshima, na wengi hulijibu kwa usahihi wa kushangaza: kaa upande wangu wa kulia, usiongee ukitembea, niandikie namba. Mama yangu alikuwa na jibu miaka miwili kabla sijamuuliza.

Hatua ya 2: Sogea, na uonyeshe uso

Hatua hii haihitaji ufundi wowote wa matamshi, lakini kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwa juhudi ndogo. Mahali pa wazi, ukipunguza umbali kati yako na msikilizaji kwa nusu, sauti yako inamfikia ikiwa imeongezeka kwa desibeli 6 hivi, bila kupaza hata kidogo. Ndani ya chumba faida inapungua kwa sababu ya mwangwi, lakini bado ipo, na tena unaushinda huohuo mwangwi.

Kisha mwanga. Uangukie uso wako, usiwe nyuma yako. Ukisimama dirishani ukilipa kisogo, anayekutazama anaona kivuli. Watafiti William Sumby na Irwin Pollack walionyesha mwaka 1954 kwamba kadiri kelele inavyozidi, ndivyo kuuona uso wa msemaji kunavyozidi kusaidia. Na hilo halihusu wenye upungufu wa usikivu peke yao. Sisi sote husoma midomo bila kujua, hasa tunapokuwa kwenye makelele.

Ila midomo ina mipaka yake na inafaa uijue. Sauti b, p na m zinafanana kabisa kwa macho. Simama mbele ya kioo useme bila sauti "baba", "mama", "papa", hutaona tofauti. Vivyo hivyo f na v: "fua" na "vua" ni neno moja kwa anayetazama. K na g zinatengenezwa nyuma ya kinywa ambako jicho halifiki, kwa hiyo "kamba" na "gamba" hazitenganishiki. Maneno ya namna hii yasiachwe peke yake. Yape jirani: "baba yako" inaweza kuwa "mama yako" machoni, lakini "baba yako, yule mzee mwenyewe" haiwezi.

Usitafune kitu ukiongea, usiweke kiganja mdomoni, na ukiwa umevaa barakoa kumbuka kwamba inaziba midomo na pia inakata zile sauti nyembamba ambazo tayari ni adimu kwa msikilizaji wako.

Hatua ya 3: Punguza mwendo kwa vituo, si kwa kuvuta

Mwaka 1985, Michael Picheny, Nathaniel Durlach na Louis Braida wa chuo cha MIT huko Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililobadilisha uelewa wa jambo hili. Waliwaomba wasemaji wasome sentensi kwa namna mbili: kama wanavyozungumza kawaida, na kama wanavyomzungumzia mtu mwenye tatizo la kusikia. Kisha wakawasikilizisha watu wenye upungufu wa usikivu. Matamshi ya wazi yaliongeza maneno yaliyopatikana kwa takriban pointi 17 za asilimia. Pointi 17 ni tofauti kati ya kufuatilia mazungumzo na kukaa pembeni ukitabasamu.

Wasemaji wale walipojitahidi kusema wazi, mwendo wao ulishuka hadi karibu nusu: kutoka maneno kati ya 160 na 200 kwa dakika hadi kwenye 90 au 100. Wengi walioyasoma matokeo hayo wangeishia hapo na kusema, basi siri ni kwenda polepole. Lakini Jean Krause, akishirikiana na Braida, alionyesha mwaka 2002 kwamba wasemaji waliofundishwa waliweza kusema wazi kwa mwendo wa kawaida na bado wakaeleweka zaidi. Kwa hiyo uwazi na upolepole vinakwenda pamoja mara nyingi, lakini si kitu kimoja.

Hili lina uzito wa pekee katika Kiswahili. Mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Kwa sikio, mkazo huo ni kama alama ya barabarani: ukiusikia unajua imebaki silabi moja, kisha neno jipya. Sasa mtu anayetaka kueleweka anakatakata: ni – ta – ku – le – te – a. Kila silabi imepewa urefu sawa na nguvu sawa. Mkazo umekufa, na pamoja nao imekufa alama iliyokuwa inamwambia msikilizaji neno limeishia wapi. Ametamka kwa bidii kubwa na amemwongezea mwenzake kazi.

Fanya hivi badala yake. Liache neno zima na mkazo wake. Weka kituo kati ya fungu na fungu: "Nitakuletea / zile karatasi / kesho asubuhi." Kila kituo kiwe cha pumzi moja fupi. Ndani ya fungu sema kwa mwendo wa kawaida, au pungufu kidogo tu. Msikilizaji anatumia vile vituo kumalizia kufikiri, na kwa mwenye kiharusi au mwenye kujifunza lugha muda huo ni wa thamani kuliko silabi ndefu. Hata kwa maana, kuuhamisha mkazo kunaweza kuharibu: "barabara" yenye mkazo silabi ya tatu ni njia, na yenye mkazo silabi ya pili ni "sawasawa".

Hatua ya 4: Linda herufi zinazobeba maana

Huwezi kutamka kila kitu kwa ukamilifu siku nzima. Utachoka na utasikika kama unayesoma tangazo. Chagua. Na katika Kiswahili, mahali pa kuchagua ni mwanzoni mwa kitenzi.

Tazama ukanushi. Wakati ujao, nafsi ya pili na ya tatu umoja hutofautiana na yakinishi kwa h peke yake: "utakuja" na "hutakuja", "atakula" na "hatakula". Vilevile "ana" na "hana". H ni hewa tupu. Haina sauti ya koo, haionekani mdomoni, na ndiyo ya kwanza kupotea kwenye kelele, kwenye simu na kwenye sikio la mzee. Nafsi ya kwanza ina afadhali kidogo, "nitakuja" na "sitakuja", lakini hiyo s nayo ni miongoni mwa sauti nyembamba zinazopotea mapema. Maneno mazito kabisa tunayoambiana, ndiyo na hapana, tumeyaning'iniza kwenye uzi mwembamba hivyo.

Bahati nzuri lugha yenyewe ina njia nyingine. Kwa wakati uliopo na uliopita, ukanushi hubadilisha umbo lote: "anakuja" na "haji", "amefika" na "hajafika", "alikuja" na "hakuja". Hapo hata h ikipotea, kilichobaki kinatosha. Kwa hiyo ukiwa na msikilizaji anayekosa sauti, epuka "hatakuja kesho" na useme "haji kesho". Badala ya "hana dawa", sema "dawa zimemwishia". Au tanguliza jibu lenyewe: "Hapana. Kesho haji." Tangu nilipolitambua hili, sijawahi tena kumwambia mama "hatakuja".

Namba ni mtego wa pili. "Sita" na "saba" zote zinaanza na s na kuishia na a. "Sitini" na "sabini" ni mapacha, na "thelathini" na "themanini" ni ndugu wa karibu. Namba inayohusu dawa, saa au fedha itamkwe mara mbili kwa njia mbili tofauti: "thelathini, yaani tatu na sufuri." Saa iambatane na wakati wa siku: "saa saba, baada ya adhuhuri." Kuirudia namba ileile kwa sauti ileile hakusaidii sana, kilichopotea mara ya kwanza kitapotea tena.

Irabu usizile. Kiswahili kina irabu tano tu na silabi zake nyingi huishia na irabu, jambo linalompa msikilizaji nafasi nzuri, mradi umpe irabu zenyewe. Rudisha "sasa hivi" mahali pa "saivi".

Hatua ya 5: Dhibiti nguvu ya sauti

Daktari Mfaransa wa masikio, Étienne Lombard, alieleza mwaka 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujua. Hilo ni la kimaumbile, na kwenye kelele linasaidia. Acha lifanye kazi yake.

Kufoka ni kitu kingine. Unapofoka, nguvu yote inakwenda kwenye irabu, ambazo msikilizaji alikuwa anazisikia tayari, na konsonanti zinabaki nyuma zikiwa ndogo zaidi kwa kulinganisha. Mdomo unapanuka na kupoteza maumbo yake ya kawaida, hivyo hata anayesoma midomo anapotezwa. Zaidi ya hayo, sikio lililoharibika ndani mara nyingi hupoteza sauti ndogo huku sauti kubwa zikilifikia karibu kama zamani, wakati mwingine kwa maumivu. Kati ya "sisikii" na "unaniumiza" kunakuwa na pengo dogo sana. Mwenye kifaa cha kusaidia kusikia naye hupata taabu hiyo, kwa kuwa kifaa kimeshakuza tayari. Na uso wa anayefoka ni uso wa mwenye hasira, hata kama moyoni kuna upendo mtupu.

Kipimo kizuri: sema kama unayezungumza na mtu aliye upande wa pili wa meza kubwa. Kisha uishikilie nguvu hiyo hadi neno la mwisho. Wengi wetu huanza sentensi vizuri na kuimalizia kwa mnong'ono, ilhali habari mpya mara nyingi iko mwishoni.

Hatua ya 6: Kwa anayejifunza lugha, nyoosha irabu na uache sarufi kama ilivyo

Patricia Kuhl na wenzake walichapisha mwaka 1997 utafiti uliolinganisha akina mama wa Marekani, Urusi na Uswidi. Wote, walipozungumza na watoto wao wachanga, walizitenganisha zaidi irabu i, a na u kuliko walipozungumza na watu wazima. Mtafiti Denis Burnham na wenzake wakaongeza swali la kufurahisha mwaka 2002: je, watu huzungumza hivyohivyo na wanyama wao? Walikuta kwamba sauti hupanda kwa mtoto na kwa mnyama, lakini irabu hunyooshwa kwa mtoto peke yake, yule ambaye lugha atajifunza. Kisha mwaka 2007 Maria Uther na wenzake wakatazama mazungumzo na wageni wa lugha. Irabu zilinyooshwa kama kwa mtoto, ila sauti haikupandishwa wala haikujaa ule ubembelezi.

Nayachukua matokeo hayo matatu kama mwongozo kamili. Kwa mwanafunzi wa lugha: toa irabu safi, ili "mto" usiwe "mtu" na "choo" kisiwe "chuo". Usipandishe sauti kama unayembembeleza mtoto, maana mtu mzima anayekosa msamiati bado ni mtu mzima.

Sarufi usiivunje. "Wewe kwenda nyumbani sasa" inaonekana rahisi, lakini inamnyima mwanafunzi viambishi ambavyo ndiyo mwanga wake, na inamfundisha lugha isiyozungumzwa na yeyote. Sema "unakwenda nyumbani sasa", kwa sentensi fupi, kituo kabla na baada. Neno zito kama "umeshawaambia" lizungushie usaidizi: "Wale wenzako, umeshawaambia?" Ameshapewa "wao" mapema, sasa anaitambua ile -wa- ndani ya kitenzi. Na lafudhi yake usiiige. Kuna tofauti kati ya kumsogelea mtu na kumwigiza, na anayeigizwa huitambua mara moja.

Hapa pia itazame lafudhi yako mwenyewe. Howard Giles, aliyeanza miaka ya 1970 kuchunguza jinsi watu wanavyosogeza lafudhi zao kuelekea kwa wenzao au mbali nao, alionyesha kwamba kusogea huko ni jambo la kijamii kama lilivyo la kimatamshi. Wasemaji wengi wa Kiswahili huchanganya l na r, au hutamka th kama s na dh kama z. Hakuna haja ya kuona haya, ndivyo ulimi ulivyokulia. Lakini anayejifunza akisikia "samani" atafungua kamusi kwenye viti na meza wakati wewe ulimaanisha thamani. "Dhana" na "zana", "kalamu" na "karamu", "mahali" na "mahari": jozi kama hizi zifanyie kazi. Kama ulimi unakataa, taja maana nyingine pembeni: "zana, yaani vifaa."

Hatua ya 7: Kwa mzee, rahisisha muundo bila kumfanya mtoto

Kuna namna ya kuongea na wazee ambayo unaijua ukiisikia: sauti imepanda, silabi zimevutwa, kila neno lina ubembelezi. Susan Kemper na Tamara Harden waliichambua mwaka 1999 sehemu kwa sehemu. Kilichowasaidia wazee kuelewa ni kupunguza sentensi zilizopachikwa ndani ya sentensi nyingine, na kuongeza maelezo yanayoifafanua maana. Sauti ya kupandisha, sentensi za kukatwa vipande vifupi na mwendo wa kukokota havikusaidia.

Usiseme, "Yule daktari uliyemwona siku ile tuliyokwenda na jirani amesema urudi." Sema, "Yule daktari amekuita tena. Ni yule wa macho, tuliyekwenda kwake na jirani." Sauti iwe ileile unayoitumia kwa mtu unayemheshimu. Sauti nyembamba ya kubembeleza, ukiacha kudhalilisha kwake, haimsaidii mzee kuelewa.

Hatua ya 8: Kwenye simu

Simu ya mfumo wa zamani hupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu (hezi ni kipimo cha masafa: zikiwa nyingi, sauti ni nyembamba). Nguvu kubwa ya s iko juu ya hapo, na f nayo hupoteza sehemu yake kubwa. Ndiyo maana "S" na "F" hugongana kila unapotaja jina kwa herufi. Taja herufi kwa neno: B ya baba, P ya paka, F ya fimbo. Marubani wana orodha yao iliyokubaliwa kimataifa tangu 1956, na hata namba wamezibadilisha matamshi: tisa ya Kiingereza wanaitamka "naina" ili isifanane na tano. Watu ambao kosa moja la kusikia linaweza kuangusha ndege walichagua kubadilisha neno. Hawakuchagua kupiga kelele.

Hatua ya 9: Hakikisha, na ukishindwa mara mbili badilisha neno

"Umeelewa?" ni swali lisilofaa, kwa sababu jibu lake ni "ndiyo" hata kwa asiyeelewa. Aibu ya kuomba kurudiwa mara ya tatu ni kubwa. Uliza kitu kitakachoonyesha kilichofika: "Basi tumesema tukutane saa ngapi?"

Akisema hajakupata, rudia mara moja kwa umbo lilelile, kwa sababu huenda alikosa sauti moja tu na sasa anaisubiri. Ikishindikana tena, acha neno hilo, tafuta jingine. "Kituo" ikikataa, "pale magari yanaposimama." Ikishindikana hata hivyo, andika.

Usiseme kamwe, "Basi, achana nayo, si muhimu." Nimemwona mama akiambiwa hivyo na watu wanaompenda. Uso wake ulikuwa unazima. Kama lilikuwa linastahili kusemwa kwa waliosikia, linastahili kusemwa kwake.

Hatua ya 10: Jizoeze

Tafuta mtu mmoja na dakika kumi. Akae akiwa amekupa kisogo, umbali wa hatua nne au tano, redio ikiongea kwa sauti ya chini katikati yenu. Msomee sentensi kumi alizokuwa hazijui, ukichanganya humo namba, majina, na vitenzi vya kukanusha vya wakati ujao. Yeye aandike anachosikia, usirudie hata moja. Kisha mlinganishe.

Rudieni akiwa amegeuka na kukutazama, halafu mara ya tatu umeweka vituo kati ya mafungu. Rekodi sauti yako kwa simu mara zote tatu na ujisikilize siku inayofuata, ukiwa umeshasahau ulichokusudia kusema. Maneno ambayo mwenzako aliyakosa mara zote tatu yaandike kwenye karatasi. Kwangu mimi yalikuwa manne, na matatu kati yake yalianza na h.